Moto Usiokuwa na Mwali

Nimeandika taarifa nyingi katika maisha yangu ya ualimu. Taarifa za mitihani, za mahindi ya jikoni, za wanachuo waliotoroka, hata za ng'ombe wa mradi waliokufa kwa ndigana. Nyingi nimezisahau. Ipo moja ya kurasa mbili, niliyoipiga mwenyewe kwa mashine ya taipu mwezi Julai 1986, ambayo naijua kwa ghibu ingawa nakala yake sinayo. Katika aya yake ya pili niliandika hivi: "Kabla ya usiku huo hapakuwa na dalili yoyote ya moto." Sentensi hiyo si ya kweli, na nilipokuwa ninaiandika nilijua kuwa si ya kweli.

Sasa nina umri wa miaka sabini na minne, na ninataka kuzungumza na msomaji juu ya swali ambalo taarifa ile imeniachia. Je, kosa likikaa muda mrefu bila kutajwa, hata likaacha kutoa moshi, ndiyo kusema limezimika? Na kama halijazimika, aliye na wajibu wa kulichimbua ni nani, ikiwa kuchimbua kwenyewe kunaweza kuleta madhara mapya? Msomaji anivumilie nikilijibu kwa njia ya mzunguko, kwa maana siwezi kulieleza bila kueleza kwanza aina moja ya moto.

Kuna moto wa mwali na kuna moto wa kufukuta. Wa kwanza kila mtu anaujua. Wa pili watu wengi wameuona lakini hawakuutia maanani. Aliyekulia kwenye mpunga, kama Kyela au Mbarali, anayajua yale malundo ya pumba nje ya mashine ya kukoboa. Juu kuna jivu la kijivu, limetulia kabisa. Mtoto hukanyaga akidhani ni mchanga, na mguu huzama katika makaa. Mchoma mkaa naye huufuga moto huo kwa makusudi. Huzifunika gogo zake kwa majani na udongo, akaacha matundu machache, kwani anajua kwamba hewa ikizidi atapata majivu badala ya mkaa. Akina mama wa mijini waliotumia jiko la vumbi la mbao, lile la debe lililoshindiliwa na kuachwa tundu katikati, wanajua kwamba debe moja laweza kupika maharage mpaka yakaiva.

Kinachotokea ni hiki. Kitu chenye vitundu vingi vidogo, kama vumbi la mbao, pamba, sufi, makumbi au karatasi zilizosagwa, huwa na hewa ndani yake. Kikipata joto la kutosha huanza kugeuka mkaa, na mkaa huo huungua juu ya uso wake wenyewe bila kutoa ndimi. Mwali waweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Moto wa kufukuta aghalabu huwa kati ya 450 na 700. Nao huenda polepole mno, mara nyingi milimita chache tu kwa dakika, au hata chini ya hapo. Konokono angeupita. Lakini hauhitaji hewa nyingi, haumwamshi mtu kwa mwanga, na hutoa kwa wingi ile gesi ya kaboni monoksaidi isiyokuwa na harufu, ambayo kila majira ya baridi huwaua watu wetu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Ukipata njia ya hewa, kwa mfano ubao ukianguka au upepo ukigeuka, mara moja huwaka mwali. Hapo watu husema moto umezuka ghafla. Haukuzuka. Ulikuwepo.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi ujenzi nchini Ujerumani, aliniandikia barua ndefu juu ya kazi yake. Huko nyumba hujazwa vitu vya kuzuia baridi, yaani vihami joto, katikati ya kuta na juu ya dari. Wengine hutumia sufu ya mawe, wengine mapovu ya plastiki, na siku hizi wengi wanaojali mazingira hupenda mbao za nyuzi za miti au karatasi za magazeti zilizosagwa. Alinieleza kwamba shida ya vitu hivi vya asili ya mimea si mwali tu. Fundi akichomelea bomba, au taa ya darini ikifunikwa na kijazo chake ikakosa pa kupumulia, kijazo chaweza kuanza kufukuta ndani ya ukuta, na kikaendelea kwa saa nyingi, pengine siku, kabla ya mwenye nyumba kuona chochote. Akaongeza neno ambalo sikuweza kulisahau: "Mwalimu, kile kinachokifanya kijazo kizuri ndicho kinachokifanya kibaya. Hakitoi joto nje. Basi na joto la moto nalo hakilitoi."

Baada ya barua hiyo nilianza kusoma habari za vijazo hivi popote nilipozipata, kama kawaida ya mtu mzee asiye na madaftari ya kusahihisha. Nikasoma kwamba nchini Marekani, baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, watu walikimbilia kujaza dari zao karatasi zilizosagwa ili wasipoteze joto. Bunge lao lilibidi litunge sheria ya dharura mwaka 1978, na mwaka uliofuata kipimo kikakamilika. Si kipimo cha mwali pekee. Huchukuliwa kijazo kikawekwa katika kisanduku, ikachomekwa sigara inayowaka katikati, kikaachwa kwa muda usiopungua saa mbili. Kisha hupimwa: kisiwe kimewaka mwali, wala kisiwe kimepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake. Nilikipenda kipimo hicho. Hakimwulizi mtu kama ameona moshi. Hukaa kikingoja, kisha hupima kilichopungua.

Lakini lililonikamata zaidi ni habari ya dawa zinazochanganywa na karatasi hizo ili zisiungue. Ni mbili, zote za asili moja: boraksi na asidi ya boroni. Boraksi huzuia mwali usienee. Lakini haiwezi kuzuia kufukuta. Ikitumiwa peke yake yaweza hata kukusaidia. Asidi ya boroni nayo huzuia kufukuta, ila kwa mwali haifui dafu. Kwa hiyo watengenezaji waangalifu huzichanganya. Mtu akitumia boraksi pekee, akasogeza njiti ya kiberiti mbele ya wateja, karatasi haitashika mwali, na wateja watapiga makofi. Ndani yaweza kuwa jambo lingine.

Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini nikacheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha. Maana nilikuwa mkuu wa chuo wa aina ya boraksi. Katika chuo changu hapakuwa na mgomo, hapakuwa na kelele baada ya saa nne usiku, na mkaguzi aliyefika aliondoka ameridhika. Mwali sikuuruhusu. Kuhusu yale yaliyokuwa yakiendelea ndani ya kuta, sikuwahi kuchomeka sigara nikangoja saa mbili.

Sasa nirudi 1986. Chuo kile cha ualimu, ambacho sitakitaja, kipo katika nyanda za juu za kusini, mahali ambapo mwezi Juni na Julai umande huganda majanini. Nyumba ya walimu wasio na familia ilikuwa ya mbao, ukuta wake wa mbao mbili, na katikati mafundi wa zamani walikuwa wameshindilia vumbi la mbao kutoka kiwanda cha kupasulia magogo kilichokuwa karibu. Ilikuwa kazi ya akili. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa na joto kupita zote chuoni, na wengi wetu tulitafuta visingizio vya kwenda kukaa humo jioni. Jiko lake la kuni lilikuwa na bomba la moshi lililopita ukutani, na bati lililolizunguka bomba lilikuwa limekwisha kuliwa na kutu.

Jumatano moja jioni mlinzi wetu alinijia ofisini. Alinizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, ijapokuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake kazini.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "ukuta wa jikoni una joto, na unanuka."

Nilikwenda. Niliweka kiganja juu ya ubao, nao ulikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe. Tulibandua ubao mmoja. Ndani palikuwa peusi kiasi cha sahani, na uzi mwembamba wa moshi. Tulimwaga ndoo mbili za maji. Uzi ukakatika. Nilifurahi, nikapangusa mikono.

"Baba," nikamwambia, "imetosha. Urudishe ubao."

Yeye hakuinuka. Alikuwa amechuchumaa anachokonoa kwa kijiti. "Mwalimu, hii ni kama pumba. Pumba haizimwi kwa ndoo. Maji yanateleza juu. Tubomoe ukuta, tutoe vumbi lote nje, tulitandaze."

Alisema kweli. Vumbi kavu la mbao halipokei maji upesi. Hujikusanya juu na kutafuta njia yake, huku moto ukibaki mahali pake mkavu. Hata vikosi vya zimamoto vya nchi tajiri, vikikuta ukuta unaofukuta, havina njia ya mkato: huvunja, huchimba, hutoa nje kijazo chote mpaka kiganja kisisikie joto, na huku maji yakiwa tayari, kwani kuchimba kwenyewe kunaleta hewa. Lakini wakaguzi walikuwa wanakuja Ijumaa, na katika nyumba hiyo ndimo wangelala. Nilifikiri juu ya ukuta uliobomolewa na wageni wakitetemeka kwa baridi. Nilifikiri, nakiri, juu ya taarifa watakayoiandika kunihusu.

"Mzee wangu, rudisha ubao," nikasema. Akaurudisha.

Wageni walilala, wakala, wakasifu, wakaondoka Jumamosi mchana. Usiku wa Jumamosi ukuta ulifunguka. Nyumba yote iliisha kabla ya mapambazuko, pamoja na chumba cha pembeni tulimohifadhi vitabu vya kiada vya mwaka mzima. Hakuna aliyekufa. Mwalimu mmoja kijana alitolewa hajitambui kwa moshi, na ingawa alipona, hakuweza tena kupanda kilima bila kusimama njiani. Aliyemtoa alikuwa mlinzi.

Ikaundwa kamati. Nami nikaandika ile taarifa. Sikumshitaki mlinzi katika taarifa ile. Wakati huo nilijifariji sana kwa jambo hilo. Niliandika tu kwamba hapakuwa na dalili kabla. Kwa kuwa hapakuwa na dalili, kamati ilitafuta chanzo cha usiku uleule, na mtu aliyekuwa nje usiku uleule alikuwa mmoja, naye kila mtu alijua kwamba huota moto wakati wa baridi. Aliwaeleza habari za Jumatano. Wakaniita, wakaniuliza kama niliwahi kuarifiwa. Nilijibu: "Sikumbuki." Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Nilipotoka nilipita mbele yake bila kumwamkia. Aliachishwa kazi baada ya miaka kumi na tisa, bila mafao. Mimi mwaka uliofuata nilihamishiwa chuo kikubwa zaidi.

Rafiki yangu mmoja, hakimu mstaafu, ndiye mtu wa kwanza niliyemsimulia haya. Alinisikiliza, kisha akanipa ule usemi wa wahenga kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ninawaheshimu wahenga. Lakini naona usemi huo una sharti ambalo hatulitaji: kwamba yawe yamepita kweli. Mtu anayeutumia lazima kwanza aweke kiganja ukutani. Huko Pennsylvania, Marekani, katika mji wa Centralia, machimbo ya makaa ya mawe yalishika moto mwaka 1962, na mpaka leo yanaungua chini ya ardhi. Mji ulihamwa, na nyasi zimeota juu yake. Anayepita barabarani bila kujua angesema kwamba hayo yamepita.

Hakimu alikuwa na hoja ya pili, na hii ilikuwa nzito zaidi. "Ukilifukua," alisema, "ni nani utakayemtuliza? Wewe utalala usingizi. Yeye utamrudishia uchungu alioumeza zamani. Hiyo si toba, huo ni utoaji wa mzigo kichwani pako na kuutwika kichwani pake." Hoja hiyo ilinizuia miaka mitatu. Bado sidhani kwamba ni hoja ya kipuuzi. Nawajua watu waliokiri makosa yao kwa namna ya kujisifu, wakawaacha wenzao wakiungua. Lakini kadiri nilivyoitafakari niliona ina tundu. Inachukulia kwamba moto uko ndani yangu tu, kwamba mimi ndiye ukuta. Haikuwa hivyo. Moto wa kufukuta haukai mahali pamoja. Huenda, milimita kwa milimita, kwenye kile kilicho jirani nao. Mimi nilikuwa njiti tu. Ukuta ulikuwa nyumba ya yule mzee.

Hoja hiyo ilinirudia mwaka 2017, jengo la Grenfell lilipoungua London tarehe 14 Juni na watu 72 wakafa. Moto ule ulikuwa wa mwali, ulianzia kwenye jokofu jikoni na kupanda nje ya jengo kwa kasi ya kutisha. Hauhusiani na kufukuta. Lakini ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotoka Septemba 2024, ilieleza jinsi baadhi ya waliotengeneza na kuuza mabamba ya nje na vijazo vya kuta walivyokuwa wamepotosha matokeo ya vipimo kwa miaka, na kuuita mwenendo wao udanganyifu wa mfululizo. Maana yake palikuwa na karatasi mahali, zimekaa kimya kabatini, na watu waliojua maana yake walikuwa wakienda kazini, wakila, wakilala. Sikuweza kuwalaani kwa sauti kubwa kama walivyofanya majirani zangu waliokuwa wakisikiliza redio. Niliijua kabati hiyo.

Lakini nimeruka mbele. Nilikwenda kwa mlinzi mwaka 2011, mara tu baada ya kustaafu. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi.

"Kamwene," nikamwamkia kwa lugha ya kwao, kisha nikaongeza shikamoo niliyokuwa nadaiwa tangu kwenye lile benchi.

"Marahaba, Mwalimu." Alinitambua kwa sauti, macho yalikuwa yamekwisha kuharibika. Nilimweleza nililojia. Aliendelea kupukuchua mpaka bunzi likaisha.

"Mimi najua," alisema. "Hunipi habari mimi. Waambie hawa."

Hawa walikuwa watoto wake watano, na hapo ndipo nilipojifunza moto ulikokuwa umefika. Kijijini waliitwa watoto wa mchoma chuo. Mwanawe mkubwa alikuwa amefaulu kwenda sekondari mwaka uleule baba alipofukuzwa. Pesa za nauli, godoro na sare hazikupatikana, akabaki kupasua mbao. Alitaka kuwa mwalimu. Binti mmoja aliolewa mbali na hakupenda kutaja kwao. Hayo hayakuwemo katika taarifa ya mtu yeyote.

Walikusanyika Jumapili iliyofuata, na pia wazee wawili wa kijiji. Nilisema yote, na la Jumatano, na la "sikumbuki". Nilikuwa nimejiandalia maneno ya maelezo, juu ya ugeni wangu kazini na wakaguzi na baridi, lakini yule mzee aliinua kiganja, nikaelewa, nikayaacha. Binti zake walilia. Mwanawe mkubwa aliinuka, akatoka nje, akapiga teke kiti mlangoni. Hakimu alikuwa amesema kweli: palitokea mwali. Wala sikuwa nimekuja na maji ya kutosha. Nilikuwa na bahasha yenye fedha, ambayo mzee aliisukuma kwangu bila hasira, na nilikuwa na ahadi ya kuandika barua.

Barua niliiandika, kwa ofisi iliyorithi majalada ya wakati ule, nikiomba taarifa yangu isahihishwe na mzee alipwe haki zake. Niliandika mara tatu. Mara ya tatu nilijibiwa kwamba jalada halionekani. Mzee alifariki 2014. Mazishini nilikaa mwisho wa mkeka, na hakuna aliyeniambia niondoke.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo nalala vizuri zaidi. Silali vizuri zaidi. Nalala vilevile, ila nikiweka kiganja ukutani najua ninachokigusa. Kuhusu swali la hakimu, kama nilifanya hisani au ukatili, nimelijibu kwa namna mbili katika nyakati tofauti, na zote mbili nimeziandika katika daftari lililoko mezani pangu.

Mwaka jana nilimpelekea mwanawe mkubwa nakala za barua zote tatu pamoja na majibu ya ofisi. Naye sasa ni mzee mwenye wajukuu, ana duka la mbao kando ya barabara kuu. Hajaniamkia tangu Jumapili ile ya 2011. Alikuwa amesimama nje, miguu imejaa maranda. Alizipokea kwa mkono mmoja, akazikunja mara mbili, akazitia mfukoni bila kuzisoma, kisha akamwuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu anataka mbao za futi ngapi.